Uzito wa Rébecca

Jua lilikuwa linazama mtaani Mususa. Fundi Abdias alikuwa kwenye shimo la garaji, chini ya Benzi kuukuu ya Kahongya, akibadilisha vile vipira vinavyoshika miguu ya mbele. Barabara ya Beni ilikuwa imevitafuna. Vita vilikuwa na mwaka wa tatu na vipuri havikufika, kwa hiyo mafundi wote wa Butembo walichonga vipira kutoka tairi zilizochakaa.

Kimoja tu Abdias hakukichonga.

Alipewa jana na mwanamke asiyemjua, aliyenuka samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani, ingawa kikapu chake kilikuwa kitupu.

"Mutu unachukia, umuikarishe mu motokari wakati unakaza haka kapira," alinong'ona. "Uzito yake itabakia humu. Yeye atakwisha polepole."

Abdias hakuuliza amejuaje. Jumamosi Kahongya angemwoa Rébecca, ambaye Abdias alimpenda miaka mitano bila kuthubutu kusema. Wivu ulimkosesha hata usingizi.

Na mtego ulikuwa rahisi. Nati za vipira hukazwa mtu akiwa amekaa garini, la sivyo mpira hujipinda na kukatika mapema. Kila mwenye gari alilijua hilo.

"Patron, ingia, ukae," aliita toka shimoni.

Mlango ukafungwa. Gari likashuka kidogo. Akakaza... kwii... kwii... mpaka mwisho. Harufu ya samaki ikajaa shimoni.

Alipopanda juu, Kahongya alikuwa ng'ambo ya barabara, akimwonyesha askari karatasi za gari.

Kwenye kiti cha dereva alikaa Rébecca.

"Ameniambia niikale pa nafasi yake," alisema akitabasamu.

Abdias akarudi shimoni mbio. Alivuta spana mpaka viganja vikachubuka. Nati haikulegea, na Kahongya alikuwa na haraka ya kuondoka.

Harusi haikufanyika. Wiki mbili baadaye Rébecca alilala hospitalini, mwepesi kiasi kwamba godoro halikubonyea chini yake. Madaktari walisema ni upungufu wa damu. Kahongya alilirudisha gari, macho mekundu.

"Inainama mbele, na hapana mutu ndani," alisema. "Angalia, ndugu. Mimi narudia kwa Rébecca."

Abdias akashuka shimoni peke yake. Kisha, ndani ya kile kipira...

"Abdias. Fungua."

Ilikuwa sauti ya Rébecca. Safari hii nati ilicheza kwa vidole tu. Angeilegeza kidogo tu, Rébecca angeamka. Angerudi kwa Kahongya.

"Abdias... pardon," sauti ilimsihi.

Miaka mitano, na hakuwahi kumwita hivyo, taratibu, wakiwa wawili tu.

Akachukua spana.

Akakaza.