Mgongaji wa Magharibi

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mikorosho ya Marambo. Mwantumu alikuwa akianua korosho zake kabla umande haujaziloweka. Ulikuwa mwaka wa pili tangu akimbie Chunyu, kule Ruangwa, akiwa na khanga moja na jino lililolegea. Talaka aliipata. Usingizi nao ulianza kurudi. Na jioni hiyo alikuwa akimsubiri mwalimu Imrani, mgeni wa kutoka Singida, aje asikie jibu la posa yake.

Aliingia ndani, akasukuma komeo.

Ngo... ngo... ngo.

"Mwantumu, ni mimi Imrani. Nifungulie."

Moyo ukamruka kwa furaha. Mkono ulikwishafika kwenye komeo pale harufu ilipopenya chini ya mlango. Gongo. Gongo na tumbaku.

"Nifungulie, mke wangu."

Imrani hakuwahi kumwita hivyo. Aliyemwita hivyo ni Swalehe, mumewe wa zamani, kila alipotaka kumpiga. Miaka sita alimfungulia akijua kinachomngoja: akiwahi kofi, akichelewa mkanda. Hata sasa vidole vilikuwa vikilivuta komeo vyenyewe...

Akaubandua mkono huo kwa mkono wa pili. Akapiga simu, akanong'ona:

"Uko wapi?"

"Bado niko Nachingwea mjini, pikipiki imepata pancha," Imrani alijibu. "Kuna nini?"

"Kuna nini?" sauti ileile ikauliza nje ya mlango.

Mwantumu akaketi chini, akauegemea mlango kwa mgongo, akasoma Ayatul Kursi. Mbao zilipigwa hadi mbavu zikamtetemeka.

Hakufungua.

Ilipoadhiniwa isha, kukawa kimya.

Asubuhi Ashura, dada yake Swalehe, alimpigia simu. Kaka yake alikuwa amefariki jana yake, kati ya magharibi na isha.

"Wifi, tumemkuta nyuma ya mlango wake, kwa ndani," alisema taratibu. "Haukuwa umefungwa. Lakini vifundo vya vidole vimechubuka hadi mfupa."

Watu wa Chunyu walisema alikwenda kwa mganga wa Nanganga kutafuta dawa ya kumrudisha mke, akavunja mwiko. Mwiko gani, hakuna aliyejua.

Msimu wa korosho ulipokwisha, Mwantumu na Imrani walioana. Walikaa kwa amani. Hadi juzi magharibi, wakiwa mkekani wanakula, mlango ulipogongwa. Imrani akainuka.

"Nani?"

"Ni mimi, mume wangu. Nifungulie."

Ilikuwa sauti ya Mwantumu.

Imrani akageuka. Mkewe alikuwa palepale mkekani, tonge mkononi, akimtikisia kichwa.