Picha ya Mama Bila Kilemba

Lifti ya jengo la maduka ilikwama kati ya ghorofa mbili, saa ile ile watu wote walikuwa wanatoka kazini. Ndani walibanana hadi mtu hakujua mkono upi ni wake. Joto lilikuwa kali, manukato ya bei nafuu yakichanganyika na jasho, na katikati yao kulikuwa na turubai kubwa la kuchorea ambalo rangi yake haijakauka. Mwenye turubai, mwanamke mwembamba aliyevaa gauni la bluu lenye madoa ya kila rangi, alikuwa ameliinua juu ya kichwa.

"Jamani, msiguse! Nawaomba, msiguse!"

Mlango uliposukumwa, kilichoonekana kwanza ni viatu vya fundi, kwa maana alikuwa amesimama kwenye ghorofa ya juu yao. Alipiga magoti, akaingiza kichwa.

"Nani aanze kutoka?"

"Picha," alisema yule mwanamke.

"Picha inapumua?"

"Kuliko wewe."

Watu waliokuwa wakilalamika wakaangua kicheko. Fundi aliipokea picha kwa mikono miwili, lakini alipoivuta ikamgusa kifuani, na msitu mzima ukahamia kwenye ovaroli yake.

"Umeniharibia miti yangu!"

"Na wewe umeniharibia sare."

"Sare inafuliwa. Miti je?"

Waliachiana namba za simu, eti kwa ajili ya ovaroli. Kesho yake simu ikalia.

"Halo, ni mimi, mwenye miti kifuani."

"Bado hujaifua?"

"Nikiifua nitakupigia kwa kisingizio gani?"

Ndivyo mapenzi yalivyoanza. Fundi alimwita Rangi. Rangi naye akamwita Ghorofa, kwa urefu wake na kwa kazi yake. Akitoka kazini, Ghorofa alipitia chumba alichokodi Rangi kwa ajili ya kuchorea. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimtania jinsi anavyong'ata mpini wa brashi anapofikiri. Rangi alisema mwanamume anayeweza kukaa kimya huku mwenzake anafanya kazi ni adimu. Hakujua bado kwamba kimya hicho hicho kitakuja kumtoa machozi.

Haikuchukua muda Ghorofa akampeleka nyumbani kwa mama yake. Mama alikuwa mkunga mstaafu, na saratani ilikuwa imemla. Titi moja lilishakatwa, na dawa zilikuwa zimemaliza nywele. Dada yake Ghorofa, mwalimu mkuu aliyemsomesha mdogo wake tangu baba yao afariki, alifika kila Jumapili na matunda na kilemba kipya, akamfunga mama kwa mikono yake mwenyewe ili wageni wasimwone kichwa.

Mchana mmoja mama alimtazama Rangi muda mrefu.

"Mwanangu, unachora watu au miti tu?"

"Nachora na watu, mama, wakikubali."

"Basi nichore mimi. Lakini si hivi."

Akavua kilemba. Akafungua vifungo vya gauni, kovu likaonekana wazi, refu, limekunjamana. Ghorofa, aliyekuwa mlangoni na sinia la chai, akageuza uso upesi.

"Usigeuke," mama alimwambia. "Wewe si ulinyonya hapa?"

Rangi alicheka hadi akakaa chini. Mama hakucheka.

"Nimezalisha wanawake nusu ya mji huu. Miili yao yote nimeiona, na hakuna niliyemcheka. Sasa na wao wanione mimi. Ukimaliza, itundike mahali penye watu wengi."

"Na dada, mama?" Ghorofa aliuliza.

"Dada yako nitamwambia mwenyewe."

Mama alikaa kuchorwa, alasiri baada ya alasiri, mpaka picha ikakamilika. Lakini kabla hajapata nafasi ya kumwambia binti yake, ugonjwa ukampeleka hospitali, na hakurudi.

Msiba ulikuwa umepoa jumba la makumbusho lilipomwalika Rangi kuonyesha kazi zake. Walipoiona picha ya mama walisema hiyo ndiyo itakayokuwa kwenye mabango. Rangi alimpigia mpenzi wake simu huku anarukaruka.

"Ghorofa wangu! Mama atatundikwa ukumbi mkubwa!"

"Hongera, laazizi."

"Umeshamwambia dada?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Niachie mimi. Namjua."

Hakumwambia. Kila alipotaka kuanza, dada alikuwa ama amechoka, ama anazungumza habari za kaburi. Mpaka asubuhi moja dada, akiwa njiani kwenda shuleni, alikutana na mama yake ukutani, kipara, kifua wazi, mkubwa kuliko mlango wa nyumba. Akapiga simu palepale.

"Mdogo wangu, ni nani amemvua mama nguo barabarani?"

Ghorofa aliweka bisibisi chini.

"Ulijua?"

"Sikujua, dada."

Dada akaenda mahakamani.

Wakili wa jumba la makumbusho, mama wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni, alimkalisha Rangi ofisini kwake.

"Binti, picha ni yako, na hakimiliki ni yako. Lakini sura ni ya marehemu, na wanaomsemea ni watoto wake. Tulipofunga mkataba ulituthibitishia kwamba kila uliyemchora ameridhia kuonyeshwa. Mama aliridhia vipi?"

"Alisema kwa kinywa chake."

"Nani mwingine alisikia?"

Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, Rangi alitabasamu.

"Mtu wangu."

Jioni ile alimpigia. "Utakuja kusema?"

"Nitakuja, mpenzi. Nitasema nilichosikia."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Uchovu tu."

Siku ya kesi Rangi alivaa blauzi nyeupe ya kuazima, kola imepigwa pasi ikasimama. Dada alikuwa amevaa nguo nyeusi, ameshika kilemba cha mwisho alichomfunga mama yake. Alimweleza hakimu kwamba mama yake alikuwa akifunga mlango hata anaponawa uso. Kisha akaitwa Ghorofa.

"Ulikuwepo picha ilipoombwa?" wakili alimuuliza.

"Nilikuwepo."

"Marehemu alikubali kuchorwa?"

"Alikubali."

"Na kuonyeshwa mbele za watu?"

Ghorofa alimtazama dada yake. Angemkuta amekasirika, labda angeweza. Lakini dada alikuwa analia bila sauti, kilemba amekikumbatia.

"Hilo… sikulisikia."

Rangi alifungua kinywa. Wakili akarudi upesi mezani, akambana mkono.

Mahakama ilizuia picha ile isionyeshwe popote. Jumba la makumbusho likavunja mkataba na kufuta maonyesho yote. Mitandaoni wakamwita mvuaji wa nguo za maiti. Wanawake waliokuwa wamekubali kuchorwa wakaacha kupokea simu zake. Ghorofa alimpigia mara nyingi, Rangi akapokea mara moja tu.

"Rangi, nisikilize. Dada ndiye aliyenilea. Alikuwa analia."

"Na mimi nilikuwa nacheka?"

"Sikuweza, mpenzi."

"Ungeniambia mapema kwamba hutaweza. Ningejua niko peke yangu, ningejipanga. Wewe uliniacha nitabasamu mbele ya wakili."

Akakata.

Mvua zikaja, zikaisha. Siku moja ndugu wale wawili walikuwa wakitoa vitu vya mama kabatini. Dada, akikunja kanga, alisema, "Yule mwanamke alimwonea mama. Mgonjwa hana nguvu ya kukataa."

Ghorofa alisimama. Kumsikia mama yake akisemwa mnyonge, mama yule, kulimshinda.

"Hakuonewa, dada. Mama ndiye aliyeomba. Alisema itundikwe penye watu. Nilisikia kila neno."

"Unasema nini wewe?"

"Nilidanganya. Alipovua nguo niligeuka, akaniambia, 'Usigeuke, wewe si ulinyonya hapa?'"

Dada aliguna, kisha kicheko kikamtoka bila kutaka, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya mama mtupu, hakuna binadamu mwingine ambaye angeyatunga. Kicheko kikageuka kilio, akaketi sakafuni kati ya kanga.

"Unajua unakiri kusema uongo kizimbani?" wakili mwenye miwani alimuuliza Ghorofa alipokwenda kwake.

"Najua, mama."

Hakimu alimkaripia mbele za watu, akampa kifungo cha nje. Dada hakuipinga picha tena, zuio likaondolewa, na jumba la makumbusho likayarudisha maonyesho.

Asubuhi ya ufunguzi Rangi alivaa gauni la manjano, shingoni ushanga mweusi. Ghorofa alifika na koti lililomfupia mikono.

"Umependeza."

"Asante kwa kuja."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Ulishaupata. Uliporudi mbele ya hakimu, nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Nililia njia nzima."

"Basi tuoane, Rangi. Dada yuko tayari kuja kwenu kuniposea."

 Macho ya Rangi yalijaa machozi taratibu.

"Nakupenda, Ghorofa. Ndicho kinachoniua. Lakini ukiniambia umefunga mlango, nitaamka kuuangalia. Ukiniambia unanipenda, nitageuka kuona nani mwingine amesikia. Mke gani huyo?"

"Nimebadilika, wallahi."

"Najua. Ni mimi niliyebaki pale mahakamani, nakungoja useme."

Alimpa mikono yake yote miwili. Walishikana hivyo mpaka vidole vikapata joto, kisha Rangi akaitoa. Ghorofa alimtazama mama yake ukutani, akainama kidogo, akatoka akipishana na wageni.

Dada, aliyekuwa ameingia wakati huo, alimwona mdogo wake akipita bila kumsalimu. Akamfuata Rangi.

"Wifi…" alianza. Akamwona uso ulivyojaa machozi. Akatanua mikono.

Rangi alimwangukia begani mwanamke aliyempeleka mahakamani, akalia kwa sauti. Wageni wakawapisha kwa heshima, wakidhani wanamlilia marehemu.