Nimemfuta Moyoni Mwangu

“Hani, vaa upesi. Wazee wa Hulugho wako msikitini. Wakimaliza asri wanakuja.”

“Ndiyo, hooyo.”

“Na huo uso je? Watu watadhani tunakuoza kwa fisi.”

Hani alimpa mama yake mgongo. Alikaa mkekani ameishika simu, akisoma tena maneno yaliyomkosesha usingizi.

Yalikuwa kwenye tovuti moja ya gemu ya Nairobi. Mwandishi wake alimpigia simu Aweys, kijana mwenye chumba cha gemu nyuma ya soko la Garissa, ambaye maoni yake ya sauti kuhusu gemu vijana walitumiana mpaka Mandera. Aweys hakumwonea haya:

“Nyinyi waandishi mnapewa gemu bure, mnacheza kidogo tu, mnaipa tisa kwa kumi. Sisi huku tunangoja mpaka ishuke, mtandao ukikatika tunaanza upya. Halafu nikifungua naona nini? Mji wa vumbi, mnara wa msikiti, na adui amevaa kikoi kama cha baba yangu. Sasa nimpige nani, baba? Hiyo siipi hata tatu.”

Hapo Hani alikuwa amecheka kwa fahari. Ndiye Aweys wake huyo. Kisha mwandishi akamuuliza kama ana mtu wa kucheza naye.

“Yuko Hani. Huyo nimemfuta moyoni mwangu, na dunia nzima ijue.”

Dunia nzima ikajua. Shangazi alipiga simu kutoka Lafey kuuliza ni Hani yupi huyo aliyefutwa. Wasichana wa mtaa walimtumia picha za ufutio.

Yeye, ambaye hata dukani alinong'ona! Alimfahamu Aweys kwa kubishana naye. Aweys aliitukana gemu fulani, na Hani, akiwa amejifunika shuka kichwani, akamtumia sauti yake kwa mara ya kwanza: “Gemu si mbaya. Wewe ndiye hujui kujificha.” Tangu hapo walicheza pamoja, kila mmoja kwao, sauti zao zikikutana kwenye visikilizi, kwa Kisomali. Aweys aliahidi kwamba adeer zake, ndugu za baba yake, wangetoka Bura kuja kumposa.

Baada ya kusoma yale maneno, Hani hakumuuliza kitu. Alimbloku. Baba alipomwambia kuhusu Sakariye, mfanyabiashara wa ngamia wa Hulugho aliyetaka kumwoa, alijibu neno moja tu: sawa.

Mdogo wake Leyla aliingia mbio.

“Abaayo, Aweys yuko getini.”

“Mwambie nimekufa.”

“Nimemwambia. Anasema atangoja mazishi.”

“Leyla!”

“Mimi nimetumwa tu. Ona, ameniandikia.”

Leyla alimsogezea simu yake. *Mwambie Hani anionee huruma. Kama ni gemu, nitaacha. Kama ni maneno ya watu, sikuyasema. Nimesikia wazee wanakuja leo. Aniambie tu kosa langu kabla hajaenda.*

“Kosa lake!” Hani alilia sasa, kwa sauti, yule asiyepaza sauti. “Amenitangaza kama takataka, halafu anauliza kosa lake! Anataka nini tena? Aniache niende nikafe huko Hulugho.”

“Lakini abaayo, Sakariye humpendi.”

“Si lazima nimpende. Lazima niondoke hapa.”

Nje kulizuka kelele. Komora, Mpokomo aliyewauzia maji, alikuwa ameusimamisha mkokoteni wake wa punda mbele ya geti, na Aweys alibanwa kati ya punda na ukuta. Akaanza kumfokea kwa Kiswahili.

“Wewe Komora, futa hii kitu!”

“Nifute na nini? Sina kitambaa.”

“Futa! Futa bunda yako, nibite!”

“Punda nimemwogesha asubuhi, ndugu. Ukimtaka msafi zaidi, mfute mwenyewe.”

“Si kufuta hiyo! Shika kamba, futa nyuma!”

“Aaa, kumbe *kuvuta*! Nyinyi watu mtaniua.”

Leyla alishika tumbo kwa kicheko. Hani hakucheka. Alisimama, machozi yamekwama mashavuni, mkono kifuani. Alitoka bila hata viatu, akafika getini, akasimama upande wa ndani.

“Aweys.”

“Hani! Alhamdulillahi. Fungua.”

“Sifungui. Yule mwandishi alikuuliza kwa lugha gani?”

“Kiswahili. Yeye si Msomali.”

“Ukamwambia nini juu yangu?”

“Kwamba nimekufuta moyoni mwangu.”

“Futa ya kitambaa au futa ya kamba?”

Punda alipiga kwato.

“Ya kamba!” Sauti ya Aweys ilikatika. “Wallahi Hani, ya kamba! Nilimwambia nimekuleta ndani, nimekufunga humo. Hiyo ya kitambaa nani angeisema?”

“Imeandikwa hivyo! Hukuisoma?”

“Niliisoma. Sikuona kosa.”

Hani aliegemea geti. Mtu alimsikia Aweys, akaandika alichosikia. Na yeye alisoma alichoandikiwa, akafunga mlango. Upande wa pili Aweys naye alikuwa analia, bila haya, mbele ya muuza maji.

“Wazee wanatoka msikitini,” Komora alisema taratibu. “Nawaona.”

Hani alikimbia. Baba yake alikuwa barazani akinyoosha mikeka ya wageni.

“Aabo, sitaki.”

“Hutaki nini?”

“Sakariye. Aabo, nakuomba. Wakisoma fatiha ya posa nimekwisha.”

Mzee alimtazama. Hakuwahi kumsikia binti huyu akisema maneno mengi namna hiyo.

“Uliniambia sawa. Nikawapa watu neno langu. Wametoka Hulugho kwa neno hilo. Unaijua aibu unayonivika?”

“Naijua, aabo. Nipige, nifukuze, lakini usinioze kwake. Nilisema sawa kwa sababu ya herufi moja.”

“Herufi gani?”

“V, aabo.”

“F?”

“V.”

“Nakusikia. F. Imefanya nini?”

Hani alipiga magoti, akamweleza yote, mpaka punda. Salamu za wazee zilisikika getini. Baba alikaza kilemba, uso mgumu kama jiwe.

“Watakula, watakunywa chai, wataheshimiwa,” alisema mwishowe. “Fatiha haisomwi leo. Lawama nitaibeba mimi, na wewe hutaisahau.”

“Sitaisahau, aabo.”

“Na huyo anayelia kwenye geti langu, aende Bura akawalete adeer zake.” Alianza kwenda kuwapokea wageni, kisha akageuka. “Siku hiyo aseme kwa Kisomali. Nataka kusikia mwenyewe alichofanya na binti yangu.”