Upepo Niliouandika Kitandani

Kila siku nikitoka shule, nilipanda kilima nyuma ya nyumba yetu kusoma kipima upepo. Kilikuwa na vikombe vitatu vinavyozunguka na kioo kidogo cha namba. Nilisoma kila dakika, saa nzima, nikiandika daftarini. Mama yangu ni mhandisi. Aliziingiza namba zangu kwenye kompyuta iliyoiga upepo wa kilima kizima, ili ajue mtambo wa umeme wa upepo utakaojengwa pale ufungwe mapanga ya kuzungushwa na upepo ya aina gani.

Wiki ya tatu nilichoka hoi. Nikajilaza kitandani, nikaandika: saba, saba, nane, saba. Siku sita mfululizo nilifanya hivyo. Nani angejua?

Wiki iliyofuata nilimkuta Mama mezani, macho mekundu, chai imepoa.

"Kompyuta imepiga hesabu siku nne," alisema. "Inadai upepo umetulia tuli, mapanga mepesi yatatosha. Siamini, lakini namba ndizo hizi. Kesho natuma jibu."

"Na upepo ukichafuka?"

"Yatapasuka. Labda fundi akiwa huko huko juu anakaza nati."

Niliogopa, tena niliona aibu kubwa.

"Mama, namba za wiki ile nilizitunga."

Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alilaza kichwa juu ya mikono.

"Siku nne zangu hizo zimepotea bure," alisema mwishowe.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusikia. Vaa viatu."

Alipiga simu kazini, akaomba jibu lisubiri wiki mbili. Kisha tukapanda kilima, kila mmoja akiburuta miguu yake. Niliandika: tatu, kumi na moja, tano, kumi na nne. Mama akachungulia daftari.

"Unaona? Upepo huu hauna adabu kama ule wa kitandani kwako."

Nilicheka kidogo, ingawa machozi yalikuwa karibu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema, akikaa juu ya jiwe. "Kuchoka si kosa. Hata mimi nimechoka. Ungeniambia, ningepanda mwenyewe, au tungeacha ukurasa mtupu. Ukurasa mtupu ningeuona. Uongo wako sikuuona, na kesho ningeutia sahihi yangu."

Dakika ilitimia. Nikainama, nikasoma namba iliyofuata.