Sheria Aliyoifuta Chapchap

Siku za likizo, Chapchap alizoea kumfuata shangazi yake kazini, kwenye ghala la dawa za usafi. Jina hilo alipewa na wabeba mizigo, maana vidole vyake kwenye kompyuta vilikimbia kama vya mtu anayechambua mchele na mgeni keshabisha hodi.

Shangazi, ndiye mtunza ghala, alikuwa na programu yake ya kupangia mzigo vyumbani. Hii, wajukuu, huielezi namna ya kufanya kazi. Unaiandikia sheria tu: chumba hiki kidogo, kile kina joto, dawa hii na ile zisikae pamoja. Ukiuliza, inakupa kila mpangilio unaozitii zote. Unafuta sheria, unauliza tena. Unaongeza, unauliza. Ni kama kupiga soga na mtu mbishi.

Basi siku hiyo lori likafika na mzigo, na mawingu yametanda meusi tii. Shangazi aliitwa ofisini, akamwachia Chapchap atafute mpangilio. Akauliza. Mashine ikajibu: Hakuna jibu. Akauliza tena, hakuna jibu. Mbeba mizigo mmoja, mwembamba kama ufagio na bado wanamwita Bonge, akaanza kumtania kwamba leo vidole vimelala. Wenzake wakacheka. Uso ukamwaka moto. Akatafuta sheria ya kufuta, akaikuta hii: klorini na asidi zisikae chumba kimoja. Akajiambia ni kwa leo tu. Akafuta.

Majibu yakamwagika. Akawatajia vyumba.

Klorini ikaingia kwanza. Kisha Bonge akatokea na dumu la asidi begani, kifuniko kinavuja. Chapchap akaikumbuka sheria aliyoifuta. Shangazi alishamwambia hivyo viwili vikigusana hutoa hewa inayochoma mapafu. Akisema, watamcheka mpaka likizo iishe. Asiposema, Bonge huyo, mguu uko kizingitini.

"Mjomba Bonge, simama hapo hapo. Nimefuta sheria ili mashine inipe jibu."

Hakuna aliyecheka. Bonge akarudi kinyumenyume, akalitua dumu uani, mbali na watu.

Shangazi aliporudi, Chapchap alimweleza mwenyewe. Shangazi hakumgombeza. Aliirudisha sheria ile, akamwambia aondoe nyingine mojamoja, kila mara aulize, mpaka wamjue mgomvi. Kumbe mgomvi ni sheria aliyoiomba Bonge: madumu yote, ya klorini na ya asidi, yakae chumba cha karibu na mlango wa ghala. Wakamwuliza.

"Ifuteni tu," Bonge akasema, "ila mgongo wangu utawashtaki."

Majibu yakaja, na mzigo ukaingia kabla mvua haijashuka. Chapchap ndiye aliyekuwa akimfungulia Bonge milango, mpaka chumba cha mwisho kabisa.

Walipomaliza, shangazi akamshika bega. "Sheria ya kupunguza uchovu, mwenyewe anaweza kukuachia. Ya kulinda pumzi za watu usiiguse, hata wakucheke vipi. Na mashine ikisema hakuna jibu, njoo uniambie hivyo hivyo. Hilo nalo ni jibu, mwanangu."