Senti Kumi ya Kaburini

"Chai imeiva?" sauti iliuliza ndani ya sikio la Wacera.

"Inachemka."

"Mfua anaingia leo. Mkamateni pamoja na mnunuzi. Mmoja akiponyoka, kazi imekufa."

Sauti ikakatika.

Wacera akainua chupa ya chai, akammiminia mwalimu mmoja mstaafu kikombe, akamtakia siku njema. Yule mwalimu hakujua kwamba chini ya buibui la mama aliyemkaribisha kulikuwa na bastola aina ya Glock 19.

Ukumbi wa kanisa pale Ruring'u, Nyeri, karibu na uwanja, ulikuwa umejaa watu wa sarafu. Na watu wa sarafu ni watu wa ajabu, ndugu yangu, usione wamenyamaza. Mzee mzima na mvi zake anashika shilingi kuukuu kwa ncha za vidole, anaitazama hivi, anaitazama vile, kisha anabishana na mwenzake mpaka mate yanaruka. Chama chao kilikuwa kimeomba watu wa kujitolea kupika chai na kupanga meza. Wakajitokeza akina mama wawili waliosema ni wa mtaa wa Majengo, wamevaa mabuibui meusi na nikabu. Nani angekataa chai ya bure?

Mmoja alikuwa Batula, binti wa mfanyabiashara wa mifugo Nanyuki, mjasusi aliyekomaa. Buibui lilikuwa lake la kila siku. Nikabu tu ndiyo aliivaa kwa ajili ya kazi.

Wa pili alikuwa Wacera wa Giakanja. Yeye alijifunika kwa sababu majambazi wa magendo waliokuwa wakiwafuatilia walimjua uso. Miaka miwili iliyopita picha yake ilitoka gazetini, analia kando ya jeneza la mumewe Mwai, ofisa wa Idara ileile ya ujasusi iliyowatuma wao, aliyeungua ndani ya gari kwenye barabara ya Isiolo. Jeneza halikufunguliwa. Waliambiwa hakuna cha kutazama.

Tangu siku hiyo Wacera alikuwa mtu wa kazi tu. Chakula alikula kwa kukumbushwa. Usingizi aliuacha Giakanja, kaburini.

Mchezo wenyewe ulikuwa huu. Dhahabu ya magendo ilitoka kaskazini. Mtu mmoja, ambaye Idara ilimwita Mfua, aliiyeyusha na kuifua upya ikawa senti kumi za zamani, zile zenye tundu katikati. Akazipaka shaba, akazitunga kwenye kamba ya katani kama nyanya zetu walivyotunga pesa zao kwenda sokoni. Mnunuzi angezibeba kwa ndege kama vitu vya kale visivyo na thamani. Faida ingerudi kaskazini ikiwa bunduki.

Sura ya Mfua hakuna aliyeijua.

Mnunuzi alijulikana. Ni yule mwanamume mrefu mwenye shati la kitani, waliyemwita Mgeni, aliyeketi kwenye meza ya pembeni, akinunua tungo za senti kutoka kwa kila aliyemletea. Asubuhi nzima watu walikuwa wakimletea. Mkoba wa ngozi miguuni pake ulikuwa umeshashiba.

"Nenda umpe chai," Batula alinong'ona. "Mimi nikienda tena atadhani nataka kuolewa."

Wacera alipita kwanza kwenye meza ya mzee Kingori. Hilo halikuwa kwenye mpango. Tangu asubuhi macho yake yalikuwa yamenasa pale, kwenye sarafu moja ndani ya karatasi ya nailoni: senti kumi ya mwaka 1936, yenye jina la yule mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti kabla ya kutawazwa.

Mwai alikuwa mkusanyaji wa sarafu. Alikuwa na albamu, na ndani yake pengo moja tu. Senti hii.

"Unataka hii?" Kingori alishangaa. "Hii si ya kuchezea, mama. Ni ya mtu anajua."

"Ni ya kupeleka kwa kaburi ya bwana yangu. Aliitafuta sana."

Ulikuwa ukweli mtupu, wa kwanza kuutamka tangu aamke. Mzee akavua kofia. Akapunguza bei bila kuombwa, kitu ambacho mtu wa Nyeri hakifanyi ovyo.

"Pole, mama. Mwambie imefika."

Wacera aliifunga senti ile kwenye pindo la kitambaa, akaitia kifuani, akarudi kazini.

Akamkaribia Mgeni na sinia. Mkononi alishika kalamu ambayo Idara ilitengenezewa makusudi, inayotetemeka ikigusa dhahabu. Akainama kuweka kikombe. Ncha ya kalamu ikapita juu ya tungo zilizolala mezani.

Hakuna.

Ikapita juu ya mkoba.

Kalamu ikatetemeka kama panzi mkononi mwa mtoto.

"Jirani," alimwita Batula kwa jina la kazi, kwenye kinasa sauti kilichoshonwa kwenye nikabu. "Mzigo umeshafika."

"Ati nini?" Batula alishtuka. "Nani ameleta?"

"Sijui."

"Wametoka pale watu wengi! Wacera, anaweza kuwa mtu yeyote hapa ndani!"

Na ndivyo ilivyokuwa. Mfua alikuwa ameshakabidhi mzigo mbele ya macho yao, na sasa alikuwa mmoja wa wanaume wale wenye kofia na makoti, wanaopiga soga na kula mandazi. Dakika yoyote angetoka mlangoni kama mtu mwingine yeyote. Wacera alirudi kwenye meza ya chai, akasimama bega kwa bega na Batula. Kimo kimoja, vazi moja, macho tu ndiyo yaliyoonekana, na ya Wacera yalikuwa nyuma ya miwani ya giza. Hata mama mzazi angebahatisha.

Mwanamume mmoja mnene akaja, ndevu zina mvi, mguu mmoja anauburuta. Batula alikuwa karibu naye. Akamnyooshea kikombe.

"Karibu chai, baba."

Mtu yule hakukichukua. Alimpita Batula. Akazunguka meza, akaja kusimama mbele ya Wacera.

Akatazama chini, miguuni pa Wacera.

Kisha mkono wake wa kulia ukainuka taratibu, vidole vimekunjika, kama mtu anayetaka kushika ukingo wa kitambaa na kukifunua.

Ukasita hewani. Ukashuka.

"Chai," alisema kwa sauti nzito ya kubandika. "Kidogo tu."

Wacera alimimina. Chai ikajaa, ikafurika, ikamwagikia kitambaa cha meza.

Kwetu, siku ya ngurario, harusi ya kimila, bibi harusi hapewi mtu hivihivi. Wanasimamishwa wanawake kadhaa, wamefunikwa leso kutoka utosini hadi miguuni. Bwana harusi ataje aliye wake, amfunue. Akikosea, anatozwa faini na anachekwa mpaka siku ya kufa kwake. Mwai, siku ile Giakanja, hakujaribu wala hakubahatisha. Aliwapita wote akaenda moja kwa moja kwa Wacera, akainua leso. Shangazi Wakonyo akapiga vigelegele mpaka akakauka koo. Baadaye Wacera alimwuliza amejuaje. "Wewe ukisimama sana unakanyaga mguu mmoja kwa mwingine," alimwambia. "Kama mtoto anangoja kupewa ruhusa."

Wacera aliangalia chini.

Mguu wa kushoto ulikuwa juu ya wa kulia.

Ewe Mola. Moyo wake uliruka kwanza kwa furaha, nisikufiche. Mume wake alikuwa hai! Ndipo kalamu mfukoni ikamkumbusha ile dhahabu: mfu aliyekuja hapa leo amejibadilisha sura angekuwa nani kama si Mfua? Furaha ile ikageuka nyongo.

Mtu yule alikuwa ameshageuka. Hakuburuta mguu tena. Alikuwa anakimbilia mlango wa nyuma.

"Jirani, mchukue Mgeni! Sasa!"

"Na Mfua?"

"Mfua ni wangu."

Nyuma yake kikombe kilivunjika, mtu akapiga ukelele. Batula alikuwa amemwagia Mgeni chai ya moto kwenye mkono uliokuwa ukivuta mkoba. Wacera hakugeuka. Alikunja buibui, akakimbia.

Nje, baridi ya mlima. Ukuta wa uwanja. Subaru Forester ya kijivu, mlango wazi.

Alipiga risasi moja. Gurudumu la mbele likapumua, gari likainama.

"Simama, Mwai."

Akasimama. Akageuka.

"Funua uso kwanza," alisema. Sasa sauti ilikuwa ile yake. "Nikuone tu."

"Mikono juu."

"Wacera..."

"Mikono."

Akainua. Mto uliomnenepesha tumbo ulikuwa umepinda upande.

"Umenijuaje? Mimi nilipishana na mama yangu Karatina, macho kwa macho. Hakunijua."

"Mama Watiri hupalilia kaburi lako kila Jumapili akitoka kanisani." Hakuishusha bastola. "Hata mimi sikukujua. Wewe ndiye umenijua mimi."

Mwai alifikiri. Kisha akaelewa, na uso ukamporomoka.

"Ningechukua chai kwa yule mwingine..."

"Ungekuwa unatoroka kwenda Nanyuki sasa hivi."

Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kilio. "Nilisema nikunywe tu chai ya mkono wako, niende. Miguu ikanipeleka. Wacera, niko na pesa ya kutosha. Tuondoke leo, mimi na wewe. Hakuna mtu atajua."

Hebu niambie, wewe ungefanya nini? Miaka miwili mwanamke analala upande wake wa kitanda, upande wa pili hauguswi. Sasa mwenyewe huyu hapa, anapumua, anamwomba. Wacera alimpenda. Hata hapo, bastola mkononi, alimpenda.

"Tulizika nani?" aliuliza.

"Achana na hiyo."

"Mwai. Nani yuko Giakanja?"

"Kijana wa kuchunga ng'ombe. Nilimpata kando ya barabara, amepigwa risasi. Alikuwa amekufa tayari, naapa. Nikamvalisha saa yangu, nikawasha gari."

"Anaitwa nani?"

"Hakuwa na kitambulisho."

"Hukuuliza mtu?"

"Ningeuliza nani, Wacera? Ni mtu tu."

Ni mtu tu.

Alimfunga pingu yeye mwenyewe. Mikono ile aliijua. Alihakikisha chuma hakimbani, halafu akajichukia kwa kuhakikisha.

"Ngome," aliita makao ya Idara redioni. "Chai imemiminwa. Vikombe vyote viwili."

"Safi sana. Kuna aliyeumia?"

Aliitazama mikono ya Mwai ndani ya pingu.

"Hakuna."

Maofisa walimchukua. Alipoingizwa garini alimtazama Wacera miguuni, na Wacera akaitenganisha.

Batula alikuja anahema, mkoba begani. Alikuwa amesikia yote sikioni, basi hakuuliza. Alimkumbatia, wakakaa hivyo, na nikabu ya Wacera ikalowa machozi mpaka ikagandamana na mashavu.

Mwishowe Batula alisema, "Dada, ile senti mrudishie mzee. Sasa utampelekea nani? Mwenye kuitafuta si yule kwa gari?"

"Siirudishi."

"Wacera."

"Kuna mtu pale kaburini, Batula. Nimempandia maua. Nimemlilia miaka miwili, na hata jina lake silijui." Alivua miwani, akajifuta macho. "Mpigie baba yako. Aulize kwa watu wa mifugo, Isiolo mpaka Nanyuki, nani alipoteza kijana malishoni mwaka ule. Kuna mama mahali bado anamngoja arudi na ng'ombe."

"Nitampigia sasa."

Wacera alivua buibui, akalikunja vizuri, akamrudishia mwenzake kwa mikono miwili. Akapapasa kifuani. Senti ilikuwepo.

Kisha akavuka uwanja wa Ruring'u bila kugeuka nyuma, mwendo wa mtu asiye na haraka, akashika njia ya Giakanja. Kesho ilikuwa Jumapili, na Mama Watiri angefika pale kaburini na jembe lake, hajui bado anampalilia nani.