Diski ya Marehemu Rashidi

Diski ilinuka ziwa. Bertin, fundi wa kompyuta, aliigeuzageuza mkononi. Ilikuwa kavu, bila hata kutu. Munira, mjane aliyevuka nayo ziwa kutoka rasi ya Ubwari, alimweleza kwamba mumewe Rashidi alijirekodi humo kabla ya kufa maji, naye hajawahi kuisikia sauti ile. Akamwachia fundi kwa imani, akimwita mwanangu.

Katika duka lake pale mjini Baraka, ni kompyuta moja kuukuu tu iliyoweza kuisoma, nayo ilihitaji adaptateri, kikadi cha kuunganisha vyombo visivyolingana. Mchana uleule sauti ikapatikana. Rashidi alikuwa na kigugumizi. Alikuwa akijizoeza kumwambia mkewe kwamba anampenda. Anakwama, anaanza upya. Bertin akamwita rafiki yake Wilfried, wakasikiliza, wakamwigiza, wakacheka hadi machozi.

Tangu hapo diski ikawa inagonga hata ikiwa imechomolewa, tak, tak, kama mtu anayetafuta neno, na harufu ya ziwa ikamfuata Bertin nyumbani, ikaingia kwenye ugali wa foufou na kwenye mashuka, hata mkewe Solange akamuuliza kwa kunong'ona ni nani anayehema nyuma ya mlango.

Bertin aliona haya kumjibu. Alikwenda kwa shehe Assumani, lakini kile kicheko akakificha. Shehe alisema jini limejikalia humo. Atalisomea mbele ya mwenye diski.

Munira alipofika dukani, Bertin alitazama sakafu.

"Diski ilikufa, mama. Hamuna kitu ndani."

Shehe akaanza kusoma. Kompyuta haikuwa na umeme, ila kioo kiliwaka, na Rashidi akasikika akihangaika na jina la mkewe, na juu yake wanaume wawili wakicheka, mmoja akimwigiza. Munira alisikiliza mpaka mwisho.

"Njo weye ule mwenye kucheka?"

Bertin aliitika kwa kichwa. Alitamani ardhi immeze.

Munira hakumlaumu. Aliichomoa diski, akaifunga katika kitenge, akasema nayo kama anayesema na mumewe.

"Baba Zainabu, tuende kwetu. Mi nimesikia."

Kugonga kukakoma. Shehe akasema limeondoka.

Jioni Solange aliuliza habari za kazi. Kabla Bertin hajafumbua mdomo, simu iliyozimwa mezani ikacheka kwa sauti ya Bertin.

Solange akaitazama, kisha akamtazama mumewe.

"Bertin," alinong'ona, "uko nacheka nani?"